Mgomo Ambao Mwenye Timu Hakuambiwa

Namshukuru Mungu aliyenipa kuamka leo nikiwa na macho yanayoona karatasi na mkono unaoweza kushika kalamu. Ziwa lile lile ameliweka mbele yetu tena asubuhi hii, na sisi watu wake wa Mwanza ametuacha tuendelee kugombania mpira, jambo linaloonyesha jinsi alivyo mvumilivu. Jina lake lisifiwe.

Mwanangu, aliyenisukuma kuandika ni mjukuu wangu Neema. Wiki iliyopita alinionyesha kwenye simu tangazo la mashabiki wenzake: msimu huu hakuna kununua tiketi za msimu, viwanja vibaki vitupu mpaka mwenye timu ajirekebishe. Nikamwuliza, "Mwenyewe ameambiwa anakosea wapi?" Akacheka. "Babu, dunia nzima inajua!" Neno hilo niliwahi kulisema mimi, karibu kwa maneno hayo hayo, kabla mama yake hajazaliwa. Sasa nikusimulie nililipa nini kwa ajili yake.

Ninayoikumbuka ni Jumamosi moja ya jua kali. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi baiskeli pale Igogo, na tena nilikuwa katibu wa tawi letu la mashabiki. Usidharau cheo hicho. Tawi lilikuwa na benchi tatu, ubao wa matangazo, na watu waliokuwa tayari kukosa chakula kuliko kukosa mechi. Harusi ya mwanachama tulichanga, msiba wa mwanachama tulibeba jeneza.

Timu ilikuwa mali ya mfanyabiashara mmoja wa pamba. Kiwanda chake kilikuwa ng'ambo, upande wa Sengerema, kwa hiyo alivuka kwa kivuko cha Busisi siku za mechi tu, akaangalia, akarudi. Ndiye aliyeanzisha kadi za msimu: unalipa mwanzoni, unapewa karatasi ngumu yenye jina lako, unaingia mechi zote za nyumbani. Tulizipenda kadi zile. Wengine walizitundika ukutani karibu na picha ya ndoa.

Kisha kabla ya msimu kuanza, kipa wetu akaondoka. Hakuna aliyetuambia kwa nini. Tukasikia tu yuko Musoma, anadakia timu nyingine. Tukasema ameuzwa. Na kama ameuzwa kipa, kesho atauzwa mshambuliaji, na keshokutwa timu nzima itahamishwa kutoka Mwanza. Hofu yetu ilikuwa hiyo hasa, kuamka siku moja tukute mji hauna timu. Tukakutana tawini, tukapiga kelele kutwa nzima, tukaazimia: hakuna kununua kadi. Atakapoona viti vitupu atajua.

Mzee Bundala akanyoosha mkono. Alikuwa seremala, mzee wa kanisa, mtu wa maswali. Ukimpa kiti akikarabati, kwanza atakuuliza nani hukikalia na hukaaje. Akasema, "Katibu, utamwandikia barua lini, umweleze?"

"Barua ya nini, mzee? Anajua. Mji mzima unajua."

"Mji unajua. Yeye anaishi ng'ambo."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Barua haikuandikwa.

Basi, tulifanyaje kuhusu mechi? Wewe unaijua Mwanza, mawe yako kila mahali. Nyuma ya uwanja kulikuwa na mlima wa mawe, na kutoka juu yake uliona uwanja bure. Lakini uliona nusu. Goli la upande wa pili lilifichwa na jukwaa. Kwa kawaida hilo lisingekuwa tatizo, ungesikia watu wakishangilia, ukajua. Tatizo ni kwamba waliozoea kushangilia tulikuwa sisi, na sisi wote tulikuwa juu ya mawe.

Jumamosi hiyo ninayoisema ilikuwa mechi ya tatu ya mgomo. Kabla ya kupanda mlimani tulisimama langoni kuwazomea wanaoingia. Walikuwa wachache, wageni wengi wao. Mara namwona Mzee Bundala anakuja, amevaa koti lake la ibada, kadi ya msimu mkononi.

Mwanangu, damu ilinipanda. Nikapaza sauti mbele ya watu, "Tazameni! Mzee wetu amenunuliwa kwa soda!"

Mwenzangu mmoja akadakia, "Soda gani, kwa maji ya kisima!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee akasimama. Akaniangalia kama anavyoangalia ubao kabla ya kuukata.

"Kijana, mbona umeanza na matusi? Salamu iko wapi?"

Kumwamkia ningeonekana nimelegea, kutomwamkia ningeonekana sina wazazi. Nikabaki nimeachama. Akasema, "Haya, marahaba hata hivyo," akapita langoni. Walionicheka safari hiyo walikuwa wenzangu.

Tukapanda. Kipindi cha kwanza timu yetu ilishambulia goli lile tusiloliona. Wachezaji wanakimbia, wanapotelea nyuma ya jukwaa, kimya. Wamefunga? Wamekosa? Tukawa tunaulizana kama vipofu. Kisha, kutoka ndani ya uwanja mtupu, ikasikika sauti moja: "Gooo! Gooo! Bwana asifiwe!"

Ilikuwa ya Mzee Bundala. Tukarukaruka juu ya mawe, tukakumbatiana. Mmoja akataka kuteleza, tukamshika shati. Sikutaka kukiri, lakini dakika zilizobaki nilitega sikio kwa mtu yule yule niliyemtukana.

Baada ya mechi alikuja tawini mwenyewe. Hakukaa. Akasema, "Jukwaani tulikuwa watu wanaohesabika kwa vidole, kwa hiyo nimekaa jirani na mwenye timu. Mnajua ameniuliza nini? Ameniuliza, 'Mzee, hawa watu wa Mwanza wamechoka na mpira?'"

Akatuangalia, kisha akaendelea.

"Anadhani hamuitaki timu tena. Kuna watu wa mji mwingine wameiomba, wanakuja kwake Jumatatu jioni kukubaliana. Nimemwambia hapana, watu wana hasira, wana jambo. Akasema, 'Jambo gani? Sijapata hata mstari mmoja. Wakiniandikia kabla ya Jumatatu jioni nitasoma.' Nikamwambia mimi si msemaji wenu. Nisingependa kuwasemea uongo."

Macho yote yakanigeukia. Nikajitetea. Nikasema mtu mzima haambiwi kila kitu, viti vitupu vinatosha kumwambia.

Ndipo mzee akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo. Hakulisema kwa ukali. "Mwanangu, wewe unasali?"

"Nasali, mzee."

"Mungu anajua shida zako kabla hujafumbua kinywa. Na bado kila asubuhi unapiga magoti unamweleza. Sasa huyu mfanyabiashara wa pamba, asiyejua hata Igogo iko wapi, ndiye unayemnyamazia ukitegemea ajue?"

Nikainamisha kichwa. Nilikuwa nimesoma katekisimu, najibu maswali yote, lakini hilo sikuwa nimeliwaza.

Ungesema hapo hadithi imekwisha: andika, vuka, okoa timu. Tulikuwa na Jumapili nzima na Jumatatu karibu yote. Jumapili baada ya ibada niliandika, na nikaandika vizuri. Nilieleza habari za kipa, nikaeleza hofu yetu, nikaomba aje tuzungumze. Mzee Bundala akaisoma, akasema, "Safi. Tuweke majina yetu, kesho alfajiri tuvuke."

Nikamwambia, "Bado mhuri."

"Mhuri wa nini?"

"Mhuri wa tawi, mzee. Barua bila mhuri ni barua?"

Wajumbe wote wakaniunga mkono. Unatujua. Bila ule mviringo wa wino wa bluu tunaona kama mtu hajasema kitu. Lakini mhuri alikuwa nao mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa Ukerewe msibani, amefungia mhuri kwenye begi lake asije mtu akautumia vibaya. Angerudi Jumatatu kwa meli ya mchana.

Mzee Bundala alituangalia mmoja mmoja. "Mwenye timu hakuuliza mhuri," alisema. "Ameuliza mna jambo gani."

"Tukipeleka karatasi tupu atatudharau," nikasema. Nikashinda. Kura zilikuwa upande wangu.

Mwenyekiti alifika Jumatatu saa nane mchana. Tukagonga mhuri, tena mara mbili, wa kwanza ulikuwa umepinda. Mimi na Mzee Bundala tukakimbilia Kigongo, kivuko kinapoanzia upande wetu. Siku hizi una daraja, unavuka hata chai haijapoa. Siku zile ulisubiri kivuko, na foleni ya magari ilikuwa ndefu, na kivuko kiko ng'ambo kimepumzika. Nilisimama pale nikiangalia maji nikiwa nimeibana bahasha kifuani. Mzee akanunua sangara wa kukaanga, akanimegea.

Nikamwambia, "Mzee, nisamehe maneno ya langoni."

"Nilishakusamehe palepale. Sasa na mimi nikuulize. Mbona hukuniuliza kwa nini nimenunua kadi?"

"Kwa nini ulinunua?"

Akatafuna kwanza. "Nilimkasirikia yule mtu kama ninyi. Halafu nikagundua hata sauti yake siijui. Nikaona si haki kumchukia mtu ambaye sijui akiongea anasikikaje. Nikataka nikae karibu nimsikie." Akafuta vidole. "Ana sauti nyembamba sana, unajua? Sikutegemea."

Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipofika kiwandani. Mwenye timu alitoka kutulaki, nyuzi za pamba zimemganda kwenye nyusi. Alitukaribisha kwa heshima, akatupa viti, akaita chai. Akaisoma barua yote, polepole, akarudia tena aya ya kipa.

"Huyu kijana sikumuuza," akasema, na kweli sauti yake ilikuwa nyembamba. "Baba yake alifariki. Aliniomba arudi kwao Musoma akae na mama yake. Nikamwachia, nikamtafutia na timu ya kule. Mngeniuliza ningewaambia."

Mzee Bundala akauliza, "Na wale wageni wa leo?"

"Wameondoka sasa hivi. Huenda mmepishana nao barabarani." Akaikunja barua vizuri, kama kitu cha thamani. "Tumesaini. Msimu huu uliobaki timu inakwenda kwao. Wazee wangu, nilisubiri mpaka saa kumi na moja. Nilimtuma hata kijana wangu pale barabarani atazame kama kuna mtu anakuja."

Kisha akaitazama tena karatasi, akaniambia bila kejeli yoyote, "Mhuri mzuri."

Mwanangu, sijawahi kusifiwa kwa neno lililoniuma namna ile.

Timu ikaondoka. Msimu wote uliobaki tulisikiliza mechi za nyumbani kwenye redio, nyumbani kwa watu wengine. Mashabiki wao walishangilia wachezaji wetu kwa majina tuliyowapa sisi. Tawini benchi zikawa na nafasi, watu wakatafuta vijiwe vingine. Msimu uliofuata Mungu alitukumbuka, mkataba ule ukaisha na mwenye timu akairudisha, na siku ya kwanza alikuja Igogo akakaa nasi, tukamuuliza maswali mpaka akaomba maji. Lakini mwaka ule mmoja uliopotea haukurudi. Wapo wazee wa tawi waliofariki ndani yake bila kuiona timu yao tena ikicheza Mwanza. Mmoja nilibeba jeneza lake.

Sasa nasaha yangu, na nitaisema waziwazi.

Sikukatazi kugoma. Mtu akionewa ana haki ya kukataa kununua, kukataa kukaa, kukataa kupiga makofi, na mwenye mali naye anapaswa kukumbuka kwamba timu bila watu ni jezi tu. Lakini ukigoma, mwambie unayemgomea unataka nini, kwa maneno anayoyaelewa, na umfikishie mkononi. Usimwachie abahatishe. Wewe unaona ukimya wako unapiga kelele, kumbe upande wa pili yeye anasikia kwamba umechoka na umeondoka. Ndivyo watu wanavyopoteza timu, na nimeona kwa miaka mingi ya kuwafundisha wachumba kanisani kwamba ndivyo wanavyopoteza ndoa pia.

Na ukiamua kusema, sema. Usisubiri kikao kingine, usisubiri karatasi nzuri zaidi, usisubiri mkubwa arudi kutoka safarini. Mimi nilikuwa na maneno yangu yote tayari Jumapili mchana. Nilichokuwa nasubiri ni heshima yangu.

Halafu ukimwona mwenzako anafanya tofauti na kundi, kabla hujamwita msaliti, mkaribie umwulize. Yawezekana kweli amenunuliwa. Yawezekana pia ameenda kutafuta jambo ambalo nyote mnalihitaji. Hutajua mpaka umwulize, na kuuliza hakujamvunja mtu mfupa. Tena anza na salamu.

Wewe unayesoma maneno haya, Mungu akupe hamu ya kuuliza na subira ya kungoja jibu. Akupe ulimi wa kusema kwa wakati wake, na akupe wazee watakaokukemea bila kukuaibisha. Wale unaowapenda wasiondoke kwako kwa sababu ya neno ambalo hukulisema. Abariki nyumba yako, kazi ya mikono yako na furaha yako ndogondogo. Amina.