Kizza Anawatembeza Watoto Juba kwa Miguu

Jirani yangu Kizza ana ugonjwa wa waendesha boda boda wote: kwake kila mahali ni hapo tu. Uwanja wa ndege, hapo tu. Soko la Konyo Konyo, hapo tu. Ukimuuliza mbinguni ni wapi atakuonyesha kwa kidevu, akwambie panda twende.

Ni Mganda wa Masaka, mpole, mwongo kiasi cha kawaida kwa mwanamume aliyemwacha mke ng'ambo ya mpaka. Tunapanga ua mmoja hapa mtaani Mangateen, mabati kwa mabati, na kwa kuwa mimi nilikulia ukimbizini Uganda, Kiganda chao nakielewa chote. Sisemi kwamba nasikiliza. Kinaniingia tu masikioni.

Mwaka huu, shule zilipofungwa, mkewe Mirembe alikuja na watoto wao wawili, Milly wa miaka saba na Ivan wa miaka mitano. Kizza aliondoka nyumbani Ivan akiwa bado ananyonya, na sasa alitaka wabaki naye wote. Alitaka hivyo mpaka akawa anafagia chumba, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Miaka yote hiyo alikuwa amemsifia mkewe Juba kwenye simu: mji mkubwa, mji wa kihistoria, kuna hiki na kile. Mirembe hakukubali wala hakukataa. Jumamosi akamwambia:

"Taata Milly, kesho watembeze watoto huo mji wako. Jioni wataniambia wenyewe. Wakiupenda tunabaki. Wasipoupenda, Jumatatu tunapanda basi. Lakini kwa miguu! Mtoto wangu hapandi hiyo pikipiki."

Alikuwa ameliona kovu la ajali pajani mwa mumewe, ambalo kwenye simu halikuwahi kutajwa.

Kwa miguu! Mtu ambaye angekwenda na pikipiki hata chooni kama mlango ungepitisha. Lakini akaapa, na Jumapili baada ya misa ya kwanza wakatoka, watoto wamepakwa mafuta wanang'aa. Yaliyofuata nimesimuliwa na Milly mara mbili, na Milly haongezi chumvi. Angalau si kama baba yake.

Walianzia kwenye uzio wa uwanja wa ndege. Ndege ikapaa, Ivan akapiga kelele za furaha, akataka wakae hapo mpaka ipae nyingine. Mwenye akili angewakalisha hapo kutwa nzima na kesi ingekwisha. Kizza akawavuta mikono. "Ndege ziko hata Entebbe," akasema. "Sisi tunatafuta historia."

Historia ya kwanza ilikuwa kaburi la mwasisi wa nchi. Walilitazama kutoka nje, juani.

"Yuko humo?" Ivan akauliza.

"Yumo."

"Anafanya nini?"

"Amelala."

"Mchana wote huu?"

Kizza akaangalia kama askari mlinzi amesikia, akawasogeza mbele.

Kufika mjini, vumbi lilikuwa limekwisha kuyala yale mafuta yote. Akawaonyesha nyumba za mawe zilizojengwa na wafanyabiashara Wagiriki zamani. Milly akauliza hao Wagiriki wako wapi. Walirudi kwao, akaambiwa. Kwa nini? Milly akatazama ukuta uliobanduka na mbuzi aliyelala kivulini, akasema labda walichoka kutembea.

Waswahili husema mtembezi hula miguu yake. Ivan alikwisha kula yake yote. Njiani kuelekea Konyo Konyo akaketi chini katikati ya njia, akatangaza kwamba sasa anaishi hapo. Na balaa haliji peke yake: palikuwa karibu na kituo cha boda boda, na wote walikuwa wanamjua Kizza.

"Kizza! Pikipiki yako imekufa?" akaita rafiki yake Swaka.

"Iko nyumbani. Mimi iko natembeza watoto. Mama yao iko nakataza pikipiki."

"Na miguu? Wewe?" Kituo kizima kikaangua kicheko. "Leta hii watoto, mimi iko napeleka bure. Mama yao iko wapi? Haoni!"

Kiti cha Swaka kilikuwa kirefu, kimefunikwa taulo safi. Milly anasema baba yake alikitazama kwa muda. Kisha akasema, "Malesh, samahani, Swaka. Nimeahidi." Akachuchumaa, akamweka Ivan mabegani.

Mtoto huyu alizoea baba wa kwenye simu. Huyu alikuwa na masikio, nayo yalishikika. Akayashika yote mawili, akaanza kumwendesha.

Hivyo ndivyo walivyofika darajani, kwenye Nile. Hapo Kizza akafanya ujinga ambao hata mbuzi wa Juba hawaufanyi: akatoa simu kupiga picha. Miaka yote hii anawaonya abiria wake wageni, ficha simu, hapa si mahali pa picha, halafu mwenyewe! Alitaka tu Mirembe amwone mtoto juu ya mabega yake.

"Sura mafi!" Askari huyo hapo, na Kiarabu chake cha Juba. "Picha hapana! Leta!"

Kizza akampa simu. Askari akaitazama picha, akaigeuza, akaitazama tena. Palikuwa na paji la uso la Kizza, jasho tupu, na matundu ya pua ya Ivan.

"Hii kubri iko wapi?"

"Daraja hakuna, afande."

"Nile?"

"Pia hakuna."

Askari akamwita mwenzake aje aone. Wakacheka mpaka mmoja akaegemea bunduki, wakamrudishia simu, wakamwambia aende akajifunze kupiga picha, mahali pengine.

Walirudi alasiri, Ivan mabegani, Milly mgongoni, Kizza ameinama kama mbeba mizigo wa sokoni. Hakupanda kitu. Mirembe akamwekea beseni la maji ya chumvi, naye Kizza akatumbukiza miguu pale pale uani. Kisha Mirembe akawaita watoto.

"Haya. Mmeuonaje mji?"

"Joto," akasema Milly. "Kaburi, na nyumba za watu waliohama, na daraja ambalo haliruhusiwi. Nataka nyumbani."

"Na wewe, Ivan?"

"Nyumbani."

Kizza aliinamisha kichwa. Nilikuwa napepeta mtama, nikaacha. Niliumia, msidhani mimi ni wa kucheka tu.

Mirembe akaleta begi, akaanza kukunja nguo za watoto. Ivan akaingia chumbani, akatoka na mswaki, akausukuma chini ya nguo.

"Huo si wako," mama yake akasema.

"Ni wa Taata."

"Taata ana kazi hapa, mwanangu. Ni sisi tunaorudi."

"Eeh," Ivan akajibu. "Tunarudi." Akaweka magoti juu ya begi ili lifungike.

Mirembe akamgeukia mumewe. "Niutoe?"

Kizza akatoa miguu majini, akaanua shati lake kambani, akampa Mirembe alitie begini.

"Uache," akasema.