Bwana yangu anapiga gitaa ndani ya maji

Amahoro wapenzi wa huu mukurasa. Jina langu musiliweke, hapa Rumonge tunajuana. Niko na miaka ishirini na mbili, mutoto wangu ndiyo anaanza kukaa. Shule niliachia kwenye mwaka wa sita, mutanisamehe kwa maandishi.

Ninapika kwenye restora moja iko kando ya ziwa. Bwana yangu anaimba na kupiga gitaa hapohapo. Wakati naanza, ilikuwa mahali pa familia. Jumapili watu wanatoka kanisani, wanakula samaki wa mukeke wa kuchoma na ndizi, watoto wanakimbia bustanini, muziki wa polepole. Kisha ziwa likapanda. Likachukua bustani, likachukua meza za mbele, sasa maji iko ndani ya ukumbi, inafunika nyayo. Tulidhani patro, mama mwenye restora, atafunga. Kumbe watu wakavua viatu, wakacheza humohumo! Sasa wanatoka mpaka Bujumbura kuja kucheza mu maji. Patro akaleta bafle kubwa za kutoa sauti, na nyaya za umeme zinaning'inia kwenye misumari, zingine zimefungwa na kitambaa.

Jumapili iliyopita nilisimama mulangoni kwa jikoni, mutoto mugongoni. Bwana yangu akaita kwenye mikro: "Bibi yangu, leta kijana wangu acheze!" Nikakataa kushuka. Mama mumoja kati ya wateja akanicheka: "Wewe, unaogopa kunawa miguu? Bwana anakuita, unaleta maringo!" Wote wakacheka. Palepale mudomo wa bwana yangu ukagusa mikro. Akaruka nyuma, mwili wote ukatetemeka, gitaa ikanyamaza. Na watu wakapiga makofi! Walidhani ni mutindo mupya. "Rudia! Rudia!" Naye akacheka, akaruka tena, akijifanya.

Nyumbani alishindwa kushika kijiko. "Umeme umeniuma kidogo tu, kama siafu," ananiambia. Nikaenda kwa patro, mama mwenye roho nzuri, alinipa kazi nikiwa na mimba. Nikamuomba wanamuziki wahamie upande wa barabara, pakavu. Akanishika bega: "Binti yangu, pakavu watu wanapo kwao, hapa wanafuata maji."

Jumapili hii kuna harusi palepale kwenye restora. Wameomba watoto wadogo wacheze mbele ya maharusi, ndani ya maji. Nikamwambia bwana yangu, mimi naenda kwa shefu wa karitiye, mukubwa wa mutaa wetu, aje aone zile nyaya. Akasema: "Ukienda, watafunga. Tutakula nini? Na patro, yule mama aliyekupa kazi, utamutazama na macho gani?"

Usingizi sina. Nikifumba macho naona vile vimiguu vya watoto mu maji. Nikisema, kazi tunakosa sisi wote. Nikinyamaza, naogopa hata kuandika. Ndugu zangu, na zaidi wewe unayejua mambo ya umeme, munipe shauri mbele ya Jumapili. Niende kwa shefu bila bwana yangu kujua, ama kuna njia ingine? Mimi nataka tu mutoto wangu akomae akisikia baba yake anaimba.