Unyoya wa Tausi wa Yusra

Habari hii hamtaiamini. Msiamini, lakini ni ya kweli tupu, isipokuwa pale itakapobidi kutiwa chumvi kidogo.

Pale Kerenge, Korogwe, yuko Yusra, mke wa Sabiri na mpwa wake huyu anayewaandikia haya. Kazi yake ni kutengeneza usubi. Naam, usubi, kadudu kale usikokaona mpaka kakuume. Ila wa Yusra ni chambo. Anabana kwenye jiliwa, kibanio cha mezani, kindoano kama punje ya ufuta, anakizungushia uzi mweusi na vijinyuzi vya unyoya, mpaka trauti, samaki wa mito ya baridi huko milimani Lushoto, wadhani ni chakula. Wenzake wanalima mahindi; yeye anadanganya samaki ambao hata kuwaona hajawaona.

Dada Elina, mwenye kambi ya wavuvi wa kitalii huko juu, akamjaribu: ndoano kumi na mbili, zipande basi la Ijumaa asubuhi. Zikimpendeza, kazi ni ya Yusra mwaka mzima. Zisipompendeza, kuna fundi Arusha anainyemelea. Akamtumia na unyoya wa tausi, umetoka India. Mmoja tu.

Alhamisi alasiri, Yusra kashafunga kumi, unyoya haupo mezani! Akainua mkeka, akamshuku jogoo. Kumbe barazani baba mkwe wake, Mzee Mhina, aliyekuja kuwatembelea kutoka Mazingara, kajiegemeza ukutani, jicho moja kalifumba, unyoya wa tausi umezama sikioni, anauzungusha polepole kwa raha zake.

Sasa mkwe utamnyang'anya? Yusra akapiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kuku wenu huyu wa wapi? Unyoya wake mtamu! Wa kwetu unakwaruza."

"Si wa kuku, baba. Ni wa... wa kazi."

"Kazi gani inayoishinda hii?"

"Nikuletee wa kanga, baba? Mwororo zaidi."

"Subiri nimalize la kushoto."

Yusra akasubiri la kushoto. Aliporudishiwa, ncha yote imeganda nta. Akaiosha kwa sabuni, nta ikagoma. Muda hakuna. Akafunga mbili za mwisho kwa vijinyuzi hivyo hivyo vyenye nta, akapeleka mzigo kwenye basi, roho mkononi.

Jumapili simu ikalia.

"Yusra, hizi mbili umezipaka nini?" Elina huyo. "Zinaelea kama povu! Wageni wanazigombania. Kazi umepata, ila nataka zote ziwe hivi."

Yusra akageukia barazani.

"Baba, si utakaa nasi mpaka mavuno?"

Basi tangu siku hiyo Mzee Mhina anaheshimiwa kama mtambo wa kiwanda, na trauti wa kwanza aliyenaswa kwa nta yake alikuwa mkubwa kama ndama, akawaburuta wageni wanne mtoni mpaka—

"Mjomba!" Yusra huyo, kachungulia begani kwangu. "Samaki mwenyewe hakuzidi kiganja, na wewe hukuwepo. Hebu lete hiyo kalamu."