Buti za Gaspari zilifika, mwenyewe ameshaondoka

Wakuu, pamoja na wajukuu zangu mliojichanganya humo,

Mtakaoniamkia nimeshawaitikia, marahaba. Naandika mwenyewe kwa simu, miwani puani. Ninayosimulia yamenipata mimi, sikuhadithiwa.

Nimeuona ule uzi wa vijana wanaozima moto misituni, kama waongezewe malipo au la. Mmoja wenu kaandika, "Kupiga moto kwa matawi nayo ni kazi ya kudai posho?"

Nilizima simu kwa hasira. Nimeiwasha tena. Sikiliza, mwanangu.

Miaka ya hamsini nilikuwa mke mpya kwenye shamba la mkonge upande wa Maramba, huko Tanga. Mimi mtoto wa Chumbageni, baba yangu akifanya kazi reli. Mume wangu Gaspari alikuwa manamba, ndivyo walivyoitwa vibarua wa mkataba kutoka bara. Kwao Songea.

Ndugu walimwambia baba, binti unamtupa. Baba akasema kijana ana adabu. Alikuwa nayo, tena alikuwa na kicheko ambacho mpaka leo nikisikia kinachofanana nacho sokoni nageuka.

Gaspari alikata mkonge, na pia alikuwemo kwenye kikosi cha moto. Kiangazi, nyasi kavu kati ya mistari ya mkonge zikiwaka, kipande cha chuma kilichotundikwa ofisini kinagongwa, nao wanakimbia na matawi mabichi na majembe.

Ubaya ulikuwa hapa. Siku ya kibarua ilihesabiwa tu akimaliza kazi aliyopimiwa, mizigo yake ya majani imefika kwenye toroli. Moto haukuwa kazi. Ukishinda motoni na mizigo haijatoka, siku hiyo hukufanya kitu. Basi wakitoka kuzima walirudi kumalizia, macho mekundu, wanakohoa.

Na miguuni katambuga, vile viatu vya tairi. Vijana walivionea fahari kwa sababu mwiba wa mkonge haupenyi. Nani alifikiria tairi na moto?

Siku hiyo moto ulizimwa mchana. Mizigo ya Gaspari ilikuwa ng'ambo ya sehemu iliyoungua. Akakatiza juu ya jivu kuifuata, na chini ya jivu kulikuwa na makaa. Mpira ukayeyuka ukamganda nyayoni.

Walimleta kwa toroli. Mimi nina mimba kubwa, nalia.

"Mama kijacho, nyamaza," akaniambia. "Mizigo yangu imefika?"

Jamani. Mtu nyayo hazina ngozi, anauliza mizigo.

Walimfunga bendeji. Baadaye nyapara akaja mlangoni. "Shemeji, utaratibu unaujua. Asiyefanya kazi hakai kambini. Atarudishwa kwao, akipona atakuja."

Gari la kuwarudisha manamba lilichukua wenye mkataba tu. Mke hakuwemo; nikabaki kambini kwa jirani nikingoja kujifungua.

Alibebwa mgongoni mpaka garini na Kihiyo, Msambaa mmoja aliyekuwa mkubwa wa kikosi chao. Gaspari akanishika mkono pale dirishani. "Mtoto akizaliwa, mwambie baba yake yuko njiani."

Nilimwambia. Sasa hivi huyo mtoto ana mvi.

Kiangazi hichohicho chuma kiligongwa tena. Safari hii kikosi hakikukimbia. Walivua katambuga zao, wakazipanga mbele ya ofisi, wakakaa chini.

Kihiyo akamwambia meneja, "Bwana, moto ni kazi. Siku ya moto ihesabiwe siku nzima. Tupe buti. Na anayeungua auguzwe hapahapa, nyumbani mwake, na posho yake apate."

Meneja alibisha kwanza. Mkonge wake ukaendelea kuungua, akakubali. Hapo ndipo walipoinuka wakaenda.

Buti zikaja. Waliagiza za kikosi kizima na jina la Gaspari hakuna aliyelifuta. Kihiyo akaniletea za mume wangu. Aliziweka kizingitini, akaondoka.

Niliziweka chini ya kitanda nikijua mwenyewe atazivaa. Manamba mmoja kutoka kwao aliniletea salamu za Gaspari: anatembea kwa mkongojo, mavuno yakiisha atakuja. Baada ya hapo kimya. Kama alikufa, kama alioa, kama aliona haya kunirudia na mkongojo, sijui.

Wachumba walikuja, niliwapa chai wakaenda zao. Buti nilizipaka mafuta ya nazi miaka na miaka. Nichekeni tu. Nina hamu na mume wangu, na hamu haizeeki.

Juzi mjukuu wangu Yusta, binti wa yule mtoto, amekuja kunisalimu. Yumo kwenye kikundi cha kuzima moto wa msitu huko milimani. Nikatazama miguu. Raba za mtumba, soli imejikunja kwa joto.

"Vifaa wamesema mwakani, bibi."

"Na ukiungua?"

"Kila mtu anajiuguza kwao."

Kwao! Nilikaa kwanza. Kisha nikazivuta zile buti nikampa azijaribu. Ngozi imekauka, haziingii mguu wa mtu. Tukazitazama tu, mimi na yeye.

Wakuu, ngoja ngoja huumiza matumbo. Anayetuzimia moto apewe chake angali na miguu yake, na akiumia asifukuzwe kwa jina la kurudishwa kwao. Mimi sitaki kuletewa buti mlangoni mara ya pili.

Mwenye neno aliweke hapa, hata wa kunipinga, nitamjibu.

Na kama humu kuna mtu wa Songea ambaye babu yake alitembea kwa mkongojo na kuitajataja Tanga, naomba aniandikie. Sitauliza alioa nani. Nataka kujua tu kama aliacha salamu.