Nafasi ya Mbwa Garini

Respicius, mtu wa Bukoba, alitunza majibwa mawili ya meneja wa shamba la mkonge karibu na Same. Maji aliyoyapangia foleni, mkewe akinuna, yaliishia kulowesha magunia ya mbwa kulalia mchana wa joto. Shamba lilipouzwa, meneja alimwapia Respicius, "Arusha tunakwenda wote."

Siku ya kuhama, Respicius alitandika magunia yaliyolowa nyuma ya lori, akapandisha mbwa, kisha furushi lake. Meneja akalishusha.

"Na mimi, bosi?"

"Si wewe uliyenifundisha? Mbwa wakubwa wakibanana kwenye joto, wanakufa."

Mtu mzima akaachwa juani na furushi lake, hata kwaheri hakupewa! Lori likaondoka. Waliogeuka kumtazama ni mbwa tu.