Maji Tuliyotia Kwenye Pamba

Pamba kavu haina harufu ya kuizungumzia, lakini pamba iliyotiwa maji na kufungiwa guniani kwa siku tatu ina harufu ambayo hadi leo siwezi kuikosea: joto, uchachu kidogo, na vumbi lililolowana. Nyumbani kwetu, katika kijiji kimoja cha Kishapu, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Mhunze, hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya mavuno. Nilikuwa na miaka kumi. Siku moja kabla ya kupeleka pamba ghalani, Mama aliitandaza juu ya turubai uani, nami nikaja na ndoo na tawi la mwarobaini, nikachovya na kunyunyiza, huku yeye akinifuata na mchanga laini wa mtoni, akiurusha kwa vidole kama mtu anayetia chumvi. Kisha niliingia ndani ya gunia na kushindilia kwa miguu, mchezo nilioupenda kuliko yote ya mwaka. Maji na mchanga viliongeza uzito, na kila nyumba ilifanya hivyo, ya mwenyekiti, ya mwinjilisti na ya mganga wa kienyeji, kwa hiyo jambo lenyewe halikuwa na jina la dhambi. Tuliliita kuitayarisha pamba.

Mwaka huo Mama alikuwa amebatizwa. Baba alikuwa upande wa Geita, kwenye maduara, yaani yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, na alirudi pale bahati ilipomruhusu. Nyumbani tulibaki watatu: Mama, mimi, na Bibi Nyamizi, mama yake Baba, ambaye aliabudu kama wazee wake walivyoabudu na aliuona ubatizo wa mkaza mwana wake kuwa homa ambayo ingepita. Mama hakujua kusoma, hivyo zile amri kumi alizikariri kwa kuziimba akitwanga mtama, na tangu Pasaka alizitamka hata pasipohitajika. Ile inayokataza kumshuhudia jirani uongo aliirudia kuliko nyingine, sijui kwa nini. Hata hivyo pamba tuliinyunyizia. Nasema hivi mapema ili msomaji asidhani nilizaliwa na malaika. Ubatizo ulikuwa wa mwezi wa nne, pamba ilikuwa ya mwezi wa saba, na Mama hakuwa ameona kinachoviunganisha.

Karani wa ghala alikuwa kijana wa Tanga aliyeitwa Athumani, Mwislamu, mpole, aliyepanga chumba nyuma ya ghala na aliyezungumza Kiswahili kilichotufanya sisi Wasukuma tujione tunatafuna mawe. Hakuwa na mke wala ndugu kijijini, na pamba hakuijua. Alipoingiza mkono kwenye gunia na kuuliza mbona ni mbichi, wazee walimwambia ni umande. Umande, mwezi wa saba, Kishapu, mahali ambapo hata mate hukauka kabla ya kufika chini. Aliuliza mara mbili tatu, kisha akachoka kuuliza, akapokea. Magunia yakakaa, yakapata joto, yakapakiwa kwenye lori kwenda kiwandani, na baada ya wiki moja lori likarudi nayo yote. Nyuma yake lilikuja gari dogo lenye ofisa wa wanunuzi na askari wawili. Pamba ilikuwa imeota ukungu, na ofisa alikuwa amekwisha kukata shauri: karani aliiba pamba safi ghalani, akajazia pengo kwa maji na mchanga.

Habari zilikuwa zimelitangulia lori. Asubuhi hiyo nzengo, ule umoja wa majirani ambao kwetu ndio hulima pamoja, huzika na kuhukumu, ilikutana kwa mwenyekiti wake, Mzee Masanja, ikakubaliana neno moja la kujibu: hatujui. Hapakuwa na chuki yoyote kwa Athumani. Ila alikuwa mmoja na mgeni, sisi tulikuwa wengi, na wahenga walishasema wengi wape. Mama alipoanza kuguna, mwinjilisti alimvuta kando, akamweleza kwa upole kwamba Mungu huangalia moyo, na kwamba si kila kweli ni ya kusemwa hadharani. Mama akamuuliza kama kijana yule si jirani. Mwinjilisti akajibu kwamba si wa kanisa letu. Mama akarudi kwa wanawake wenzake, nami nikadhani yamekwisha.

Mbele ya ghala tulijaa hadi barabarani. Athumani alikaa chini, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya katani, ya aina ileile tuliyofungia magunia. Ofisa akauliza kama kuna yeyote aliyeiona pamba ikitiwa maji kabla haijafika pale. “Hatujui,” watu wakajibu. Akawageukia watoto, maana alijua watoto ndio hushindilia, akaninyooshea kidole mimi. Nilisema hapana, tena nilisema vizuri, nikimtazama usoni kama tulivyofundishwa asubuhi, na Mzee Masanja akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nilijisikia mtu mzima. Askari wakamwinua Athumani waende naye kwenye gari, na hapo ndipo Mama alipotoka katikati ya wanawake, kanga yake imefungwa vibaya, sauti yake ndogo kuliko ya siku zote.

“Pamba yangu niliitia maji mimi,” alisema. “Na mchanga pia. Huyu kijana aliipokea ikiwa hivyo.”

“Na wenzako je?” ofisa akauliza.

“Mimi nimesema yangu.”

Hakumtaja mtu hata mmoja, na hakukuwa na haja, kwa sababu magunia yote yalikuwa na ukungu uleule. Ofisa alimwambia kwamba angeweza kumpeleka mahabusu yeye, lakini kwa haki ingebidi achukue kijiji kizima, na gari halikutosha. Akaagiza kamba ikatwe. Pamba yote ikakataliwa bila malipo, magunia yakashushwa pale vumbini, kila mtu na lake. Athumani alisimama akisugua vifundo vya mikono, akamtazama Mama kama mtu mwenye neno, kisha akaenda kufunga mizigo yake. Aliondoka na gari lilelile, safari hii akiwa amekaa mbele. Hatukumwona tena, wala hatukupata salamu zake. Njiani kurudi nyumbani nilingoja kipigo kwa uongo wangu, lakini Mama alisema tu kwamba aliyenifundisha uongo ni yeye, kwa ile ndoo ya maji.

Nzengo haikuchelewa. Jua lilikuwa bado juu tulipotangaziwa kwamba tumetengwa: asitupe mtu moto wala chumvi, asitusalimie, na mtoni, kwenye visima vya mchangani, tuchote baada ya wote. Atakayevunja atatoa mbuzi. “Kikulacho ki nguoni mwako,” wanawake walisema mtoni, bila kumwambia Mama moja kwa moja, wakilipitisha neno juu ya kichwa chake. Kwa haki lazima niseme walikuwa na sababu. Pamba ile ndiyo ilikuwa sare za shule, sabuni na dawa za mwaka mzima, na sasa ilikuwa inaoza vyumbani mwao kwa ajili ya kauli ya mwanamke aliyebatizwa juzi. Mama alitoka kila asubuhi akisema mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, kwa kila aliyempita, na hakuna aliyeitikia. Alisema hivyo hivyo kesho yake. Kanisani tulikaa wawili kwenye benchi la watu sita. Shija, rafiki yangu wa kuchunga naye mbuzi, alihamishia mbuzi wake ng'ambo ya korongo. Nilimchukia Mama miezi ile, na sioni sababu ya kulipamba jambo hilo. Nilitamani angekuwa mwongo kama mama za wenzangu. Bibi Nyamizi pekee ndiye aliyechekeshwa na hali yetu. Alisema mkaza mwana wake ana kichwa cha punda, lakini punda hapotezi njia ya nyumbani.

Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, Bibi akafa. Kwetu mtu hajichimbii msiba wake. Vijana wa nzengo ndio huchimba kaburi, wanawake wao huleta maji, kuni na unga, na wafiwa hukaa wakalia. Kumchimbia mzazi kaburi kwa mikono yako ni kuwaambia watu wote kwamba huna mtu duniani, na aibu hiyo husimuliwa hadi kwa wajukuu. Baba alifika siku ya pili, saa sita mchana, nguo zake zikiwa bado na udongo mwekundu wa maduara. Hata hajakaa, Mzee Masanja alikuja akasimama nje ya ua wa minyaa. Hakuja kwa ubaya, kwa kuwa alikuwa amekua na Baba. Alieleza sharti lake kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, akimwita Mama kwa jina langu.

“Mama Kabula aseme tu kwamba siku ile alichanganyikiwa. Neno moja mbele ya watu. Vijana wako tayari na majembe.”

Baba alimgeukia Mama, akamwomba. Hakufoka. Alimkumbusha kwamba aliyelala ndani ni mama yake mzazi, na kwamba kwa joto lile maiti haiwezi kungoja.

“Baba Kabula,” Mama akasema, “nikisema nilichanganyikiwa, yule kijana anarudi kuwa mwizi.”

“Hayupo hapa. Hatajua.”

“Najua hayupo.” Na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ghalani, Mama akalia.

Baba akaenda kwenye mzigo wake, akatoa sululu aliyorudi nayo. “Basi,” alisema. “Kuchimba nakujua.” Ardhi ya Kishapu mwezi wa kumi ni ngumu kama sakafu, lakini alichimba kama wachimbavyo kule, pembe kwa pembe, bila kupumzika, Mama akitoa udongo kwa karai na mimi kwa ndoo. Alasiri mwinjilisti alifika na jembe lake begani. Hakutoa salamu wala hotuba, alivua viatu akaingia shimoni, akijua kwamba mbuzi wake amekwisha kwenda. Tulimzika Bibi tukiwa wanne. Mzee Masanja alisimama kule kwenye minyaa tangu mwanzo hadi mwisho, kofia mkononi, kisha akaondoka.

Hakuna aliyewahi kutangaza kwamba tumesamehewa. Mvua ilinyesha, watu wakapanda, na asubuhi moja mama yake Shija akaitikia mwangaluka kule mtoni kana kwamba alikuwa akiitikia kila siku. Wengine wakafuata. Msimu uliofuata Mama alipeleka pamba kavu, na nyumba chache zikafanya vivyo hivyo. Nyingine ziliendelea na umande wao.

Leo mimi ni mwalimu Segese, jirani na mgodi mkubwa. Watoto wetu wengi hutoroka kwenda kuokota mawe ya dhahabu kwenye vifusi, na kwa miaka kadhaa sisi walimu tuliwaandika kwamba wapo darasani ili shule isionekane vibaya. Wote tuliandika, na mkono wangu ulikuwemo. Mwaka jana wakaguzi waligundua, na kosa likaangushiwa mwalimu mmoja, binti mgeni asiye na mtu wa kumsemea, akahamishwa kwa barua kali hadi Runzewe. Siku ile ofisini tuliulizwa mmoja mmoja. Ninajua kuimba zile amri, ninajua pia kuzisoma, na kila Jumapili ninakaa mstari wa mbele. Nilijibu kwamba sijui. Hakuna ambaye angenifukuza kisimani. Nina bomba uani. Hakuna ambaye angemnyima mtu wangu kaburi. Nilichoogopa ni kununiwa wakati wa chai.

Nilimsimulia Mama kwa simu, nikidhani atanikemea, na nadhani nilitaka anikemee. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza kama waliomhamisha yule binti bado wapo. Nikamwambia wapo. Kisha akauliza kama mvua imeanza kunyesha huku kwetu. Ofisi ya hao waliomhamisha iko mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka hapa ninapoandika. Sijakwenda.