Rudi Unawe

Wewe umeshawahi kuuza sauti ya mama yako? Usicheke. Yuko kijana aliyeiuza, tena kwa katoni moja ya sabuni, na siku ile alirudi nyumbani anapiga mluzi.

Kijana huyo, kitinda mimba wa fundi bomba, alikwenda chuo kikuu kusomea uhandisi wa maji. Baba yake alikuwa amemaliza maisha yake yote akiwa amejikunja chini ya masinki ya watu wengine, na alitaka mwanawe awe yule anayesimama wima na kuonyesha kwa kidole mahali pa kuchimba. Kabla hata hajahudhuria somo la kwanza, mtaa mzima ulishaanza kumwita Injinia. Lakini mwaka wa pili Injinia aligundua jambo. Katika kazi za kikundi, wenzake walipiga hesabu za pampu, kisha wakamsukuma yeye mbele awaeleze watu kwa nini wanaihitaji hiyo pampu. Na watu walimsikiliza. Akaenda ofisi ya usajili, akabadili kozi, akaandika: masoko. Nyumbani hakusema kitu mpaka likizo.

Baba alisonya, akatoka nje. Mama, aliyekuwa anauza nyanya na vitunguu sokoni tangu usichana wake, kwanza alicheka.

"Masoko? Mimi nimo sokoni tangu hujazaliwa, na hakuna mtu aliyewahi kuniomba cheti."

Kisha akanyamaza. Na hapo inabidi umwelewe huyu mama. Alikuwa na sauti ya kupasua ukuta. Jioni akisimama mlangoni kuita watoto, wa kwake na wa majirani, hata waliokuwa mbali uwanjani waliacha mpira. "We! Umenawa? Hebu rudi! Rudi unawe!" Akifoka, ujue nyumba iko salama. Akikasirika kwelikweli, hakusema neno. Alikuwekea chakula kimya, akakufulia nguo kimya, akapita mbele yako kama anapita mbele ya kabati. Mume wake alizijua dalili. "Kanuna," alikuwa akinong'ona, kisha anazunguka nyumba nzima akitafuta alichokosea.

Likizo ile yote mama hakumsemesha mwanawe. Baba naye aliendelea kumwita Injinia, kwa makusudi, kama mtu anayebonyeza kidonda aone kama bado kinauma.

Alipomaliza chuo, kijana alipata kazi kwenye kampuni ya sabuni. Usidhani alipewa meza. Alivalishwa fulana yenye picha ya kipande cha sabuni, akatumwa duka kwa duka kupanga rafu: sabuni yao usawa wa macho ya mteja, za wapinzani kule chini karibu na dawa ya mende. Alisimama kwenye vituo vya mabasi akigawa vipande vidogo vya kuonjesha watu harufu. Siku moja alimgawia mwenzake wa zamani wa uhandisi, aliyeshuka garini na kofia ngumu kichwani. "Kumbe ndiyo hii?" mwenzake akasema, akakipokea kipande kwa huruma. Kijana akamgawia aliyefuata. Viatu vikaisha soli, akanunua vingine, navyo vikaisha. Mwishowe akapata kiti kwenye idara ya masoko, kona ya kwenye maboksi.

Mkuu wa idara, mwanamke mwenye haraka isiyoisha, alikuwa anatafuta sauti ya kuweka kwenye gari la matangazo, lile lenye vipaza sauti juu linalopita mitaani asubuhi. Walishajaribu watangazaji wa redio, wote wakasikika kama wanasoma taarifa ya habari. Siku hiyo kijana alikuwa anaongea na mama yake, simu ameilaza juu ya boksi, spika wazi, mikono imejaa mizigo. Katikati ya maongezi mama akawageukia watoto wa jirani: "We! Umenawa? Hebu rudi! Rudi unawe!"

Ofisi nzima ikageuka. Mhasibu alitazama viganja vyake.

"Huyo nani?" bosi akauliza.

"Mama yangu. Samahani, bosi."

"Samahani ya nini? Mlete."

Mama alikuja studio amevaa nguo ya kwendea harusini. Akaambiwa asimame mbele ya maiki na aite watoto. "Watoto gani, mbona hawapo?" Mwanawe akajibanza nyuma ya mlango, akachungulia na mikono aliyoichafua kwa wino. Mama akasahau maiki, akafoka kutoka tumboni, na ikawa imetosha. Wakati wa kutoka alimuuliza, "Kwa hiyo kazi yako ndiyo hii? Unalipwa ili mimi nipige kelele?"

"Ndiyo, mama."

"Si ungesema mapema! Tumenuniana bure."

Akapewa katoni yake ya sabuni, akaiweka chini ya kitanda. Sabuni ikanunulika kuliko wakati wowote. Watoto wa shule waliiga sauti ya mama njiani, kijana akapandishwa cheo, akapata meza yenye droo. Na asubuhi moja gari lilipopita mlangoni, baba alisema bila kumtazama, "Afisa Masoko, mama yako anakuita huko nje." Neno Injinia hakulitamka tena.

Mwaka uliofuata mama alianguka sokoni, katikati ya mizani na matenga yake, asiinuke. Presha, walisema. Wakamzika. Na kesho yake gari likapita.

Kampuni haifiwi, ndugu msomaji. Kampuni hupungukiwa mauzo tu. Mama alikuwa kaburini na sauti yake ikaendelea kuzunguka mjini ikiuza sabuni. Kijana aliisikia akiwa kwenye foleni ya benki, akiwa kwa kinyozi, akiwa anavuka barabara: "We! Umenawa?" Kila mara alikuwa anageuka. Kila mara aliona gari. Alianza kuchagua njia za vichochoroni, akawa anamtembelea baba yake jioni tu, saa ambazo gari limeshalala.

Hatimaye alifanya alichofundishwa. Aliyavika maumivu yake suti. Aliandika ripoti kwamba tangazo limezeeka, masikio ya wateja yamelizoea, mauzo yamesimama, na kwamba wimbo wa wasichana wenye sauti laini ungefaa zaidi. Kila neno lilikuwa na akili.

"Una uhakika?" bosi aliuliza. "Huyu ni mama yako."

"Nina uhakika."

Akaweka sahihi.

Siku ya mwisho ya tangazo la zamani aliomba ruhusa, akaenda kwa baba yake mapema, kumjulia hali tu. Alimkuta mzee mlangoni, amekaa kwenye stuli, mikono ya shati imekunjwa, viganja vinachuruzika maji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nyamaza kwanza."

Gari likakata kona. "We! Umenawa?"

Mzee aliinua viganja vyote viwili juu. "Nimenawa, mama watoto!"

"Hebu rudi! Rudi unawe!"

"Aa! Mwanamke huyu haniamini!" Mzee alicheka mpaka akafuta macho kwa bega. Dereva alibonyeza honi kidogo, akampungia mkono kama mtu aliyezoea.

Kijana alibaki amesimama.

"Usinitazame hivyo," baba yake akasema. "Mimi si chizi. Nilimzika mwenyewe, najua alipo. Lakini asubuhi anapita."

"Baba, hiyo sauti ninayo kwenye simu. Nitakuwekea, utasikiliza saa yoyote unayotaka."

"Ya simu si nitakuwa nimeibonyeza mimi? Huyu anakuja mwenyewe." Alijifuta viganja kwenye suruali, polepole. "Unajua, ile siku ulipobadili masomo nilisema mtoto kapotea. Niliona aibu hata kupita kwa watu. Sasa nakwambia, ulichonifanyia wewe, injinia hawezi."

Kijana alisema anakwenda dukani. Alipofika nyuma ya ukuta alimpigia bosi.

"Flashi mpya zinagawiwa leo," bosi akajibu. "Redio zimeshalipwa. Na ripoti ni yako, sahihi yako iko hapa mbele yangu."

"Ni baba yangu, bosi. Anamsubiri kila asubuhi."

"Pole, mdogo wangu. Pole kweli. Lakini lile ni tangazo."

Akamfuata dereva kwenye yadi ya kampuni, akamkuta anaosha gari. Akamweleza. Akamwomba apige ile ya kwenye simu yake, kwenye mtaa ule mmoja tu.

"Kaka, wasimamizi wanatufuata na pikipiki kusikiliza. Nikipiga ya zamani, kesho sina kazi." Dereva alikamua kitambaa. "Yule mzee wa kuinua mikono ndiye baba yako?"

"Ndiye."

Dereva aliendelea kufuta kioo kilichokuwa kimeshakauka.

Jioni kijana alirudi kwa baba yake akiwa ameyapanga maneno. Alifungua mdomo ili aseme kuhusu ripoti, yakamtoka mengine: bomba la jikoni linavuja. Mzee alifurahi, akaleta spana na uzi wa kufungia. Wakainama wote wawili chini ya sinki, bega kwa bega. "Shika hapa. Kaza. Siyo hivyo, unakata uzi." Bomba likaacha kuvuja, na hapakuwa na kingine cha kutengeneza. Mzee alivuta ile katoni ya chini ya kitanda, akatoa kipande kipya cha sabuni, akakiweka karibu na beseni kwa ajili ya asubuhi.

Kulipokucha alinawa, akakaa kwenye stuli yake. Kijana alisimama nyuma yake ameshika taulo. Kutoka mtaa wa pili ukasikika wimbo wa wasichana, mtamu, na mzee akainamisha kichwa kusikiliza, kama anayesikia mgeni akibisha nyumba ya jirani. Gari likakata kona. Wimbo ukazimika ghafla.

Lilipita polepole, bila sauti yoyote isipokuwa ya magurudumu. Dereva alikuwa amevua kofia. Hakupiga honi. Mzee aliinua viganja vyake, akavishikilia juu mpaka gari likamaliza ukuta, likapita duka la kona, na wimbo ukaanza tena huko mbele.

"Kanuna," alinong'ona.

Alivishusha viganja, akavigeuza mbele na nyuma, akavikagua.

"Baba," kijana akasema, "si wewe. Ni mimi."

Lakini mzee alishainuka. Aliingia ndani, akamwaga maji ya zamani, akajaza beseni upya, akaanza kusugua, kati ya kidole na kidole, chini ya kucha, hadi kwenye viwiko.